Ajali Iko na Kinga, Tuache Uongo

Kuna msemo mmoja ningependa upumzike kidogo: ajali haina kinga. Nimeusikia matangani, nimeusikia ndani ya mat, nimeusikia kwa chama cha mathe. Ni msemo wa kumfariji mtu, na mimi sina shida na kufariji mtu. Shida yangu ni vile unatolewa haraka hata kabla mtu hajauliza breki zilikuwa wapi. Mtoto ameanguka na baiskeli, amevunjika mkono, watu wazima wanatikisa vichwa: ajali haina kinga. Alafu kesho yake ile baiskeli inapewa mtoto mwingine, na bado haina breki.

Najua wengi wenu mko hapa kwa sababu ya zile video zangu za kutengeneza vitu kwa vyuma vya kuokota. Leo hakuna video. Leo ni maneno tu, na ni ya wazazi, wajomba, mashangazi, kaka wakubwa, na kila mtu aliye na spana kwa nyumba.

Kama umekulia Eastlands, unaijua biashara ya kukodisha baiskeli. Shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, jamaa anatokea kwa kona na baiskeli 6 au 7, zote mitumba, na watoi wanapanga laini na sarafu mkononi. Enzi zangu ilikuwa bob 5 raundi moja ya mtaa. Siku hizi hapa kwetu ni bob 20 kwa dakika 10. Ilichangamka zaidi 2020, wakati shule zilifungwa mwezi wa tatu na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Miezi karibu kumi watoto wako nyumbani, wazazi hawana kazi, na kitu pekee cha bei nafuu kilichompa mtoto pumzi ilikuwa hizo dakika 10.

Niseme wazi mapema: mimi naipenda hii biashara. Watoto wengi wa ploti yetu hawatawahi kununuliwa baiskeli. Nyumba ni chumba kimoja, hata ukinunua utaiweka wapi, juu ya kitanda? Kwa hivyo jamaa wa kukodisha ndiye anawafunza watoto wa mtaa mzima kuendesha, bila karo na bila cheti. Mtu akisema ipigwe marufuku mimi simuungi mkono. Lakini hebu twende polepole tuziangalie hizo baiskeli zenyewe.

Breki ya mbele imetolewa kabisa, kwa sababu waya ulikatika na hakuna aliyenunua mwingine. Breki ya nyuma iko, lakini ile mipira inayobana rimu imeisha mpaka chuma kinasugua chuma. Mtoto akitaka kusimama anatumia patipati: anashusha mguu, anakanyaga taya ya nyuma, soli inafanya kazi ya breki. Inashika, ndio, kwa tambarare. Ukipanda juu kidogo kisha ushuke, soli inakuwa kama sabuni. Kiti kinazunguka. Cheni haina kifuniko, inakula suruali za shule na magauni. Na size, mama yangu! Mtoto wa miaka 8 juu ya baiskeli ya mtu mzima, vidole vya miguu vinatafuta pedali kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ile ndogo ikiwa imekodishwa tayari, mtoto hatasubiri, atachukua iliyopo.

Kupima size hakuhitaji mtaalamu. Mtoto asimame juu ya fremu, miguu miwili chini, nyayo zote zikanyage. Kama anasimama kwa ncha za vidole au paipu inamgusa katikati, hiyo si yake. Akiwa amekaa, anaanza kujifunza, afikie chini bila kuinama upande. Alafu mwambie ashike breki: vidole vyake vinafika kweli? Breki za baiskeli ya mtu mzima zimewekewa kiganja cha mtu mzima. Unaweza kuwa na breki mpya kabisa na bado mtoto hana breki, kwa sababu mkono wake hauwezi kuifunga.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea uhandisi wa mitambo. Sababu ni karo na mambo mengine, hiyo si stori ya leo. Lakini kuna hesabu moja nilitoka nayo kampasi ambayo bado inanisaidia: nguvu iliyo kwenye kitu kinachotembea haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mwendo mara mwendo wenyewe. Mtoto akiwa anaenda kilomita 10 kwa saa, kisha ateremke afike 20, nguvu ya kugonga haiwi mara 2, inakuwa mara 4. Ndiyo maana mteremko mdogo wa mtaa, ule unaonekana ni wa kujifurahisha tu, unaweza kumvunja mtoto vibaya kushinda kuanguka mara kumi kwa uwanja. Na ndiyo maana mimi sibishani kuhusu breki. Kitu kingine chochote tunaweza kujadiliana bei.

Sasa nifike kwa kitu ambacho kimenifanya niandike.

Angalia mwisho wa usukani wa baiskeli yoyote ya kukodisha. Pale mtoto anashika, kunafaa kuwe na mpira unaofunika paipu mpaka mwisho. Kwa baiskeli nyingi ule mpira umepasuka, au umetoka, au mtoto ameuchomoa. Kinachobaki ni mdomo wa paipu, duara la chuma kama sarafu ya bob 20, lenye ukingo wa kukata.

Agosti iliyopita mtoto mmoja wa ploti yetu, miaka 9, alianguka na baiskeli kama hiyo. Si ajali ya kutisha. Hakuna gari, hakuna mteremko. Alikuwa anageuka polepole karibu na matangi ya maji, gurudumu la mbele likajipinda, usukani ukasimama kama mkuki na yeye akaangukia tumbo. Akaamka. Wenzake wakacheka, na yeye akacheka. Alikuwa na alama moja chini ya mbavu za kulia, duara dogo jekundu. Akamalizia hata dakika zake, maana ni pesa yake.

Usiku akakataa chakula. Mamake akafikiri ni mandazi ya barabarani. Saa nne akatapika. Akaanza kusema bega linauma, bega la kulia, na hapo kila mtu akaanza kuangalia bega, kulikanda, kulipaka dawa ya misuli. Bega halikuwa na kitu. Mlango wa tatu kutoka kwao kunaishi nesi mmoja, alikuwa ametoka shifti ya mchana, amechoka, yuko na leso kichwani. Aliitwa aje aone bega. Akainua fulana ya mtoto, akaona ile duara, akauliza, "Hii ni nini?" Mtoto akasema ni baiskeli. Nesi hakugusa bega tena. Alimwambia mamake, "Mama, vaa viatu. Tunaenda sasa hivi, asubuhi itakuwa mbali."

Ini lilikuwa limepasuka. Damu ilikuwa inavujia ndani tumboni, pole pole, na nje hakuna hata tone. Walimlaza siku 9. Hakupasuliwa, kumbe ini la mtoto mara nyingi linaweza kuachwa lipone lenyewe, mradi aangaliwe kila saa, alale, na damu iwe karibu. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanapeleka uji kwa zamu, na nilitumia muda mwingi kwenye benchi la pale nje nikimsumbua yule nesi na maswali.

Alinieleza hivi. Mtoto akianguka chini kwa ubapa, ardhi inagawana nguvu na mwili mzima. Akiangukia mdomo wa paipu, nguvu yote inapita mahali padogo kama sarafu. Ngozi inavumilia, kwa sababu ngozi inanyumbuka. Kilicho nyuma yake hakinyumbuki: ini upande wa kulia, wengu upande wa kushoto, na kongosho katikati, ambayo inabanwa kwenye uti wa mgongo kama chapati kwenye kibao. Mtoto mbavu zake ni laini na misuli ya tumbo bado haijakomaa, hana ngao ya maana. Na kuhusu bega: damu ikikusanyika chini ya ule msuli mpana wa kupumua, neva zake zinapeleka habari kwa ubongo kupitia njia moja na za bega. Ubongo unadhani bega linauma. Ndiyo maana hakuna dawa ya misuli itakayosaidia.

Kwa hivyo, mzazi, ukisoma hii yote usahau kila kitu, shika hii moja. Mtoto akianguka na baiskeli na uone alama ya duara tumboni, usingoje. Hata kama anacheka. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, kutapika, uso kupauka, jasho la baridi, bega linalouma bila kidonda, mkojo wenye damu, hizo zote ni za hospitali usiku huohuo. Usimpe chakula njiani, na usimfunge tumbo na leso.

Dawa ya hii kitu, kabla haijatokea, ni kipande cha mpira. Kwa fundi wetu mpira mpya wa usukani, pea moja, ni bob 100. Kama hakuna, chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, kata, kunja ndani ya mdomo wa paipu, kisha vuta tyubu nyingine juu yake uifunge na waya mwembamba, ncha za waya ziangalie ndani. Nilirekodi hiyo kazi, sekunde 40 tu.

Komenti ya kwanza: "Sisi tulikulia hivi na tuko hai." Ikapata likes 600.

Msee, nakuelewa. Na mimi nilikulia hivyo. Lakini wale ambao hawakutoboa hawana simu za kuandika komenti. Ukihesabu walio hai peke yao, kila kitu duniani kitaonekana ni salama, hata kuruka kutoka kwa mat ikitembea. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinaua watu wengi zaidi kati ya miaka 5 na 29 kushinda kitu kingine chochote, duniani kote. Soma hiyo umri tena. Inaanzia miaka 5.

Kuna mtu pia aliandika kwamba haya ni mambo ya wazungu, kwamba Uholanzi watoto wanaendesha kwa sababu wamezaliwa hivyo. Hapana. Mwaka wa 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwanahabari mmoja aliyempoteza bintiye, Vic Langenhoff, aliandika makala kwa hasira, na kutoka hapo likazuka vuguvugu lililoitwa Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Wazazi walifunga barabara. Watoto wenyewe waliandamana. Hakuna aliyewaambia kwamba ajali haina kinga, ama labda waliambiwa wakakataa kusikia. Leo mtoto wa shule ya msingi kule anafanya mtihani wa barabara akiwa juu ya baiskeli. Njia za baiskeli unazoziona kwa picha hazikuanguka kutoka mbinguni.

Sisi hapa tuko na njia ya baiskeli Thika Road, tangu barabara ilipofunguliwa 2012. Nendeni mwone kilichopaki hapo. Nduthi, mitumba, mama wa mahindi, na mimi siwalaumu hao mama, wameenda penye watu wanapita. Lakini mtoto akifika hapo anasukumwa wapi? Kwa magari. Karibu na shule mwendo wa gari unafaa usizidi kilomita 30 kwa saa, iko kwa sheria. Simama nje ya shule yoyote ya barabara kubwa saa kumi jioni uhesabu wanaofuata.

Kwa hivyo mimi msimamo wangu ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 hana kazi barabarani na baiskeli bila mtu mzima. Si suala la adabu. Mtoto wa umri huo bado hawezi kukadiria gari linakuja kwa kasi gani. Analiona, lakini hajui litafika lini. Na yeye mwenyewe haonekani, kichwa chake kiko chini ya dirisha la Probox iliyopaki. Ndani ya mtaa pia si mbinguni. Gari la maji likirudi nyuma, dereva haoni chochote. Mashimo ya maji machafu ambayo mifuniko yake iliuzwa kwa vyuma kuukuu, tuko na matatu kwa njia moja. Tuliweka matawi ndani, kila mtu anajua hiyo alama.

Wale watakaopeleka watoto ushago Desemba, neno moja kuhusu karia. Kule mtoto anabebwa nyuma ya Black Mamba kwenda kanisani, sokoni, dukani. Miguu inaning'inia. Akisinzia kidogo, kisigino kinaingia kwenye spoki na kubanwa kwa fremu. Nimeona kovu la hiyo kitu kwa binamu zangu wawili. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza jeraha linaweza kuonekana dogo, kisha ngozi ya kisigino inakufa siku kadhaa baadaye. Kama ni lazima umbebe, avae viatu vilivyofungwa, mguu uwe na mahali pa kukanyaga, na ufunike upande wa spoki. Wazee wengine wanasuka neti ya kamba pale, au wanafunga kipande cha gunia gumu. Inafanya kazi. Na leso ya mama pamoja na gauni vikae mbali na gurudumu.

Kuhusu helmeti najua mtaniuliza, kwa hivyo basi. Inasaidia, tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha inapunguza hatari ya kuumia vibaya kichwani kwa zaidi ya nusu. Haizuii kuanguka, na haingemsaidia yule mtoto wa ini, na ndiyo maana sikuanza nayo. Watu wanapenda helmeti kwa sababu unainunua mara moja unajisikia umemaliza kazi. Gikomba zinapatikana za mitumba. Mimi nilipata kwa bob 350 baada ya kubishana. Igeuze uangalie ndani: ile povu nyeupe ikiwa na ufa, achana nayo. Povu hiyo inajiponda mara moja tu ili kichwa kisipondeke, ikishafanya kazi yake imekwisha. Ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya askofu. Msichana aliye na rasta azifunge chini karibu na shingo, si juu ya kichwa, la sivyo helmeti itakaa juu ya nywele. Na ile ya nduthi usimvishe mtoto, ni nzito kwa shingo yake na inamzunguka akigeuka.

Turudi mtaani. Baada ya mtoto kulazwa, grupu la WhatsApp la ploti liliwaka moto. Kuna waliotaka baiskeli zichomwe. Mtu aliandika kwamba yule jamaa wa kukodisha ni muuaji. Yeye alikuwa kwa hilo grupu, anasoma. Ni kijana wa miaka 26, yuko na mtoto wake wa miaka 4, na hizo baiskeli 7 ndizo kodi yake ya nyumba. Keateka akafunga geti, akasema baiskeli hazitaingia tena. Wiki moja ikapita. Watoto wakafanya nini? Wakaenda kukodisha ng'ambo ya barabara, kwa mtu mwingine, baiskeli mbovu kushinda za kwetu, na sasa wanavuka barabara mara mbili.

Hapo ndipo nikaongea kwa grupu, na mimi huwa siongei. Niliuliza tu mnataka wapi waendeshe. Babake yule mtoto mwenyewe, ambaye alikuwa na haki ya kukasirika kuliko wote, aliandika: "Arudi. Lakini mimi ndio nitaziangalia."

Na anaziangalia. Kila Jumamosi asubuhi anakuja na jagi la chai, anakaa kwa jiwe, anafinya kila breki kwa mkono wake, anasukuma kila gurudumu aone kama linayumba, anapitisha kidole gumba kwa mdomo wa usukani. Isiyopita inapinduliwa magurudumu juu. Jamaa wa kukodisha alinuna wiki mbili za kwanza. Sasa anaanza kuzipindua mwenyewe kabla mzee hajafika. Tulichanga 2,400, tukanunua waya za breki na mipira, na helmeti 3 ambazo watoto wanapokezana, jambo ambalo mama mmoja ana wasiwasi nalo kwa sababu ya mashilingi ya kichwa, na yuko sawa, sasa kila mtoto anakuja na kitambaa chake.

Yule mtoto amerudi shuleni. Daktari alisema akae miezi 3 bila michezo ya kugongana, imeisha, lakini mamake bado hajamruhusu kupanda. Anakuja anasimama kando ya babake na kumshikia spana. Jumamosi iliyopita 5 zilipita na 2 zikapinduliwa, moja waya, nyingine ni ile ya matangi ya maji. Hiyo ya mwisho iko na mpira mpya, breki mbili, kila kitu, lakini mzee ameipindua kila wiki tangu Septemba na hakuna mtu amemuuliza.